Chachu ya Marehemu Bi Salhiya

1

"Njoo utazame wanao," alisema Asaa Faki, akainua kifuniko cha mzinga wa saba.

Mize Shaame akachungulia. Alikuwa amesimama kwenye tope la mikoko ya Kikunguni, maji yamekupwa, viatu vimejaa matope, ndoo ya vipimo inaning'inia mkononi. Juu ya masega walitapakaa mamia yao, wadogo, wa mviringo, wa rangi ya dhahabu. Vipini. Wanawake wa visiwani ndio waliowapa jina hilo, maana ukimwona mmoja ametua juu ya jani utadhani mtu kaangusha kipini chake cha puani. Wadudu wazuri kwa kweli, Mungu awaondoe.

"Wanangu tangu lini?" akauliza Mize.

"Tangu ulipotuletea! Miaka kumi na minne iliyopita ulisimama pale uwanjani Chamboni na kipaza sauti, ukasema mdudu huyu hali kitu ila mchwa. Nilikuwepo, yakhe. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha."

Ndivyo Mize alivyosema, na ndivyo alivyoamini. Wakati ule mchwa walikuwa wanaangusha mikarafuu ya Pemba shamba baada ya shamba, na Kituo cha Wadudu, ambako yeye alikuwa fundi kijana wa maabara, kikaunda mbawakavu wa kimelea. Jike hutaga yai juu ya mchwa, funza akianguliwa humla mchwa kuanzia ndani. Mchwa wakaisha, mikarafuu ikapona, watu wakapiga ngoma siku tatu. Na ili mdudu asije kujifanya bwana wa nchi, mafundi walimtia kufuli. Walimnyang'anya mwilini uwezo wa kutengeneza kirutubisho kimoja ambacho funza hakui bila hicho. Kirutubisho kilipikwa Kituoni kwenye mapipa, kikanyunyizwa vichuguuni. Wafanyakazi walikiita mchuzi. Acha kunyunyiza mchuzi, funza wote wanakufa, mambo yamekwisha.

Mchuzi ulisimamishwa miaka minane iliyopita. Mapipa yakachemshwa, Kituo kikafungwa. Na vipini, badala ya kufa, wakahama kwa mchwa wakaingia kwenye mizinga kula nyuki. Kila mwezi kisiwa kingine kilikuwa kinanyamaza. Mwaka huu Kikunguni, maboga yalichanua vizuri, yakapukutika bila kushika hata moja.

Mize akatoa karatasi ya kipimo, akaichovya kwenye asali. Karatasi hii ikibaki nyeupe, hamna mchuzi. Ikigeuka buluu, umo. Alihesabu pumzi tano, karatasi ikawa buluu kama shuka la shule.

"Haiwezekani," alisema.

"Umesema hivyo kwenye mizinga sita iliyopita."

"Asaa, mchuzi haupo duniani! Niliufunga mwenyewe kwa mkono huu."

"Basi muulize nyuki." Asaa akafungua kitambaa, akatoa kipande cha mkate wa kumimina, mnene, mweupe, unaonukia hiliki na nazi. "Kula kwanza. Tatu mke wangu kaniapiza usirudi na tumbo tupu, na mimi naogopa mke kuliko nyuki."

Mize akala. Ulikuwa mkate laini wa kupita kiasi, ukiubonyeza unarudi juu. Aliumaliza kwa haraka ya mtu aliyetoka nyumbani bila chai, akafuta vidole kwenye kanga, akachomoa karatasi nyingine ili apime mzinga wa nane.

Karatasi ikageuka buluu kabla hajaichovya popote.

Akaitazama. Akatazama vidole vyake. Akachukua karatasi ya tatu, akaisugua kwenye makombo ya mkate yaliyobaki kitambaani. Buluu.

"Asaa," alisema polepole, "nyuki wako wanakunywa nini?"

"Maji, wanywe nini? Tatu akiosha bakuli la unga wa mkate huwamwagia pale kwenye kifuu. Mchana wa jua kali wanayapigania yale maji, mno!"

"Na chachu ya huo mkate kaipata wapi?"

Asaa akacheka. Alidhani anataniwa. "Wee Da Mize! Si ya mama yako hiyo? Chachu ya Bi Salhiya, Mungu amrehemu. Nani visiwa hivi hana?"

Mize akakaa chini pale pale, kwenye tope.

2

Ilikuwa Ramadhani, miaka kumi na mitatu nyuma. Bahari ilichafuka wiki mbili, meli hazikuja, madukani hamna hamira hata ya dawa. Bi Salhiya, ambaye mkate wake wa kumimina ulikuwa unasubiriwa mtaa mzima wa Chamboni kila magharibi, aliketi jikoni na mchele wake uliorowekwa akaona haya kama mtu aliyevunja ahadi. Mize alimwona mama yake vile, na roho ikamuuma.

Kule Kituoni mchuzi ulikuwa unatengenezwa na hamira. Hamira ya kuundwa, iliyopewa kazi ya kupika kile kirutubisho, ikichemka polepole mapipani na kutoa harufu tamu iliyomtesa kila aliyefunga. Sheria ilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: hakitoki kitu. Mize alitoa kikombe kimoja. Alikitia kwenye mkoba, chini ya mtandio, akampelekea mama.

Mkate uliumuka ukainua kifuniko cha sufuria.

Alidhani ni futari ya siku moja tu. Lakini Bi Salhiya hakuwa mtu wa kumaliza kitu kizuri. Alibakisha kidogo koponi, akailisha unga wa mchele, kesho yake ikawa imejaa. Jirani akaomba, akapewa. Na jirani naye ana dada Wete, na dada ana wifi Mkoani. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, na mwanamke akikuomba chachu humnyimi, hata mkiwa hamsemezani. Mwaka wa pili bibi harusi hakuvushwa kwenda visiwa vidogo bila kopo lake la chachu ya Bi Salhiya limefungwa kitambaa. Mize alikula mkate ule kwenye harusi ngapi? Hakuwahi hata mara moja kuuliza ndani mna nini. Aliujua utamu wake vizuri mno hata asiushuku.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Kopo la kwanza lilibaki jikoni kwake, mikononi mwa Bikombo, mdogo wake Mize, aliyekuwa akililisha kila asubuhi akilisalimia.

3

"Mwalimu," alisema Lutfia, "niambie nimesikia vibaya."

Walikuwa ofisini Chake, kwenye Kamati ya Visiwa. Lutfia Mbarouk alikuwa mwanafunzi wa Mize zamani, sasa mkuu wa ulinzi wa viumbe, mwanamke mwembamba wa miwani, asiyependa kusimuliwa jambo mara mbili. Mize alikuwa amemaliza kueleza. Alieleza yote, na kikombe, na mkoba, na mtandio.

"Umesikia vizuri."

"Miaka mitatu nawinda chanzo cha mchuzi! Nimepima mito. Nimepima popo! Nimekula mkate ule ule mezani kwako, wewe unanipakulia!" Lutfia akasimama, akaketi tena. "Sawa. Hasira nitazimalizia nyumbani. Sikiliza. Jumamosi inaingia meli na Pacha."

Mize alijua Pacha ni nini. Vipini madume, laki mbili kwa sanduku, walioundwa bara. Kipini wa Pacha akimpanda jike, watoto wote wanazaliwa madume, nao watoto wao vivyo hivyo, mpaka siku jike wa mwisho anakufa. Mchuzi uwepo usiwepo, kazi yake ni moja. Hakosei. Na ukishamfungulia, hakuna wa kumrudisha sandukuni.

"Atampanda hata bungo, mbawakavu wa mti wa mpapindi," alisema Mize.

"Huenda."

"Si huenda, Lutfia. Vipini tuliwaunda kutoka kwa bungo yule. Damu moja. Mpapindi hauna mdudu mwingine wa kuuzalisha, na mti ule hauoti kwingine duniani ila hapa. Halafu Pacha ataingia kwenye magunia ya karafuu avuke bara, na huko kuna jamaa zake mia ambao hata majina hatujawapa."

"Na nyuki, Mwalimu? Kwa hesabu yangu tumebakiwa na miezi mitatu. Nyuki wakiisha, watu watakula nini? Mpapindi?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kufuli halikuvunjika. Ufunguo ndio uliozagaa, uko kwenye makopo, jikoni, elfu kwa maelfu. Ukiondolewa wote, funza watakufa, na vipini wazima hawaishi zaidi ya mwezi. Siku arobaini na vipini hawapo, bila kumgusa bungo wala mpapindi. Lakini lazima uondolewe wote. Kopo moja likibaki kisiwa kimoja, wanaanza upya.

"Nipe siku arobaini," alisema.

"Umuombe kila mwanamke wa visiwa hivi amwage chachu yake? Wakubali? Wote?"

"Mwamba wa pweza tunaufunga miezi mitatu kila mwaka. Watu wana njaa, pweza wapo, wanawaona kwa macho, na hakuna anayetia mguu mpaka siku ya kufungua. Nani anawalinda? Wanajilinda wenyewe. Tutafunga chachu kama tunavyofunga pweza."

Lutfia akavua miwani, akasugua macho. "Masanduku yatakaa bandarini Chamboni. Siku ya ishirini nakuja kupima. Mzinga mmoja tu ukiwa wa buluu, Mwalimu, mmoja, nafungua. Na nitalia nikifungua, lakini nitafungua."

4

Sheha aliita mkutano baada ya sala ya Ijumaa, chini ya paa la mabati la uwanja wa kuanikia karafuu. Wanawake walijaa wakabanana. Mize alishika kipaza sauti, kile kile au ndugu yake, na akawaambia. Hakuanza na sayansi. Alianza na Ramadhani ile, na mama yake, na kikombe.

"Basi tumewaua nyuki kwa mikate?" akauliza Tatu, mke wa Asaa.

"Hapana. Mimi ndiye niliyewaua, nyinyi mligawiana chakula. Kosa ni langu, na halina mwenzake."

Bi Mchanga, aliyewahi kuwa kungwi wa nusu ya waliokaa pale, akainuka akishikilia bega la jirani. "Mwanangu, umetutia msibani. Ungesema miaka kumi iliyopita ningekuchapa. Leo umesema, nasikia." Akageukia wenzake. "Haya, mnangoja nini? Mwamba wa pweza tunafunga, kopo la unga litushinde?"

"Na iftari za sunna tutakula nini?" sauti ikatoka nyuma.

"Utakula muhogo! Muhogo una ubaya gani nawe?"

Wakacheka, nusu wakilia. Alasiri ile makopo yaliletwa uwanjani, moja moja, yakamwagwa kwenye pipa la maji yanayochemka. Wengine waliyasemesha kabla ya kumwaga. Bikombo alikuja wa mwisho na kopo la mama yao. Akalimimina macho yakitazama pembeni, akaondoka haraka. Mize akabaki akikoroga pipa.

Boti za jua zikatoka Chamboni kwenda kila kisiwa, zimebeba wanawake badala ya wataalamu, maana mtaalamu utamdanganya, lakini shangazi yako akikwambia fungua kabati utafungua. Asali yote yenye buluu ikakamuliwa ikafukiwa, nyuki wakalishwa sukari. Siku ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Taarifa zilikuwa zinaingia kwenye kioo cha simu ya Mize: Kikunguni nyeupe. Mizinga ya Wete nyeupe. Asaa alimpigia akipiga kelele kwamba amekuta funza wa kipini wamekufa ndani ya sega, wamenyauka, na kwamba hajawahi kuona maiti nzuri kama zile.

Visiwa vizima vilikuwa vinakula muhogo na kulalamika. Watu walilalamika kwa raha, kama timu inayoongoza kwa bao moja.

5

Asubuhi ya siku ya ishirini Mize alipima mizinga ya Chamboni mwenyewe, kabla Lutfia hajafika. Wa kwanza mweupe. Wa pili mweupe. Wa tatu, ulio nyuma ya nyumba ya mama yake, buluu.

Alirudia. Buluu, hafifu, lakini buluu.

Hakuhitaji droni wala ramani. Aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akamkuta Bikombo amekaa juu ya mbuzi ya nazi, bila nazi yoyote mkononi, kana kwamba alikuwa anamngoja.

"Liko wapi?"

Bikombo akanyoosha kidole. Juu ya kichanja, nyuma ya ungo, kilikuwako kikopo cha dawa, kidogo kuliko ngumi. Chachu ilikuwa imetoa povu mpaka shingoni.

"Kijiko kimoja tu nilibakisha," alisema Bikombo. "Sikupika nacho, wallahi. Nakilisha tu. Jana nilisuuza kijiko pale nje, sikufikiri."

"Bikombo! Siku ishirini nzima hizi watu wanakula muhogo!"

"Wewe una vyeti ukutani! Una picha yako na rais wa chama cha nyuki! Mimi nina nini?" Bikombo alikikazia macho kikopo. "Mkono wa mama umo humu ndani, Mize. Kila asubuhi alitia kidole akaonja. Nikimwaga hiki, mama amekufa mara ya pili, na mara hii nimemuua mimi."

Mize alikaa sakafuni karibu naye. Harufu ile ilikuwa imejaa jiko zima, na yeye pia alimsikia mama ndani yake, asidanganye mtu. Mfukoni mwake kulikuwa na karatasi nyeupe tisa ambazo hazijatumika. Lutfia angepokea yoyote atakayopewa na mwalimu wake. Kikopo kikimwagwa sasa hivi, mzinga mmoja ukafukizwa, karatasi moja ikabadilishwa, nani angejua? Pacha angebaki sandukuni, bungo angepona, mdogo wake asingeaibika. Mambo yote mema, kwa uongo mdogo unaotosha mfukoni.

Kikombe nacho kilitosha mkobani.

"Sema kipimo kimeharibika," Bikombo akanong'ona, kama aliyesikia mawazo yake.

"Siwezi, mdogo wangu. Niliwahi kunyamaza kwa ajili ya mama, na ona nilichowafanya watu. Nikinyamaza tena kwa ajili yako, siku kikopo kingine kikionekana mahali fulani nitajiambia nini mwenyewe? Hiki nitamwambia Lutfia ni mimi niliyekificha. Hutatajwa."

Bikombo akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka, akakichukua kikopo kutoka kichanjani kwa mikono miwili.

"Hunijui kumbe," alisema. "Nitajitaja mwenyewe."

6

Lutfia alikuwa bandarini tayari. Masanduku manne ya kijivu yalikuwa yamepangwa kwenye gati, na vijana wawili wa Kamati wanangoja amri. Watu wa Chamboni walikuwa wamekusanyika kwa furaha, wakidhani wanakuja kusikia habari njema, na Bi Mchanga alikuwa keshavaa kanga mpya.

Bikombo alipita katikati yao moja kwa moja. Alisimama mbele ya Lutfia na kikopo chake.

"Mzinga wa nyuma ya nyumba yetu ni wa buluu," alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. "Ni mimi. Nilificha hiki. Sikuweza kumwaga mkono wa mama yangu. Nisameheni, na kama hamwezi, basi, lakini jueni."

Mtu akafyonya. Mwingine akasema lahaula. Lutfia alimtazama Mize juu ya kichwa cha Bikombo, na Mize akamwonyesha karatasi ya buluu.

"Nilikwambia mmoja, Mwalimu."

"Uliniambia."

"Ungeweza kuificha hii."

"Ningeweza."

Lutfia akainama, akashika komeo la sanduku la kwanza. Mkono wake ulisimama pale. Alikuwa analia kweli, kama alivyoahidi, miwani imefuka ukungu.

"Ngoja, mwanangu." Alikuwa Bi Mchanga. Kizee kile kilikuwa kinatazama chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Mize, kilikuwa kimeona haya. "Ngoja kidogo. Na mimi ninacho."

"Bi Mchanga!" watu wakamaka.

"Nimekikausha kitambaani. Kimo sandukuni mwangu nyumbani, chini ya sanda yangu. Nilisema nikifa nizikwe nacho." Akapandisha sauti. "Mnanitazama nini? Huyu binti kanitia aibu, nami nilijifanya shujaa wenu!"

Tatu, mke wa Asaa, aliyevuka asubuhi kutoka Kikunguni, akaanza kulia kwa kwikwi. Yeye alikuwa nacho nyumbani, kwenye mtungi wa chumvi. Mwanamke mwingine alikuwa nacho kwenye chupa ya manukato. Sheha mwenyewe, mwanamume mzima mwenye kofia ya kiua, akakohoa mara tatu, akasema kwamba mkewe hajui, lakini kuna kijaluba kwenye meza ya ofisi. Kicheko kililipuka gati zima. Watu walikimbia majumbani. Walirudi wakihema, na kila aliyerudi na kitu alishangiliwa kama anaingia na goli la ushindi.

Vikopo kumi na moja, Chamboni peke yake. Mize akawasha kioo chake akarusha kila kisiwa picha ya Bikombo amesimama mbele ya vile vikopo, na sauti yake ile ile akisema ni mimi, nilificha, jueni. Kabla ya adhuhuri majibu yakaanza kumiminika. Wete wanne. Mkoani tisa. Kikunguni wawili, bila kumhesabu Tatu, na mmoja wao alikuwa Asaa Faki, aliyekuwa amekizika chini ya mzinga wa saba akidhani huko ndiko salama.

Lutfia alikuwa amekaa kando ya sanduku. Akainuka taratibu.

"Kumbe tungeshindwa," alisema. "Hata kama kipimo cha leo kingekuwa cheupe chote. Vyote hivi vilikuwa vinangoja."

"Naam," alisema Mize.

"Na kama mngenipa karatasi nyeupe ningeondoka zangu nimeridhika, halafu nyuki wangekwisha." Akawageukia vijana wake. "Rudisheni masanduku melini. Siku arobaini zinaanza leo." Halafu akamnyooshea Bikombo kidole kikali. "Na wewe, dada, kuanzia leo unafanya kazi kwangu. Nimezunguka visiwa hivi miaka mitatu na mitambo, sijakusanya nusu ya ulichokusanya wewe kwa asubuhi moja."

Pipa la maji likachemshwa tena, na Bikombo akamimina humo kikopo chake. Safari hii alitazama. Mize alimshika bega, wakatazama wote wawili mpaka povu lilipotulia.

7

Siku ya kufungua, arobaini zilipotimia, walikuja kutoka visiwa vyote, kama siku ya pweza, na ngoma zilikuwa zinalia tangu asubuhi. Mabibi walijaa uwanja wa karafuu. Ndani ya mikoko ya Kikunguni, kwenye mzinga wa saba, kipini wa mwisho aliokotwa amekauka, na Asaa Faki akamtia kwenye chupa akizunguka naye kumwonyesha kila mtu, hata waliokwisha kumwona.

Bikombo alikuwa amepika mkate. Hamna chachu, hamna hamira, mchele na tui na hiliki tu. Ulitoka bapa, mzito, mgumu kama kigae.

"Mama angeutupa huu nje ya dirisha," alisema Mize.

"Angeutupa na sufuria."

Wakacheka mpaka machozi, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kicheko, wala hakuna aliyejali. Asaa akaleta sega la kwanza, jipya, zito, nyuki wawili bado wameng'ang'ania pembeni hawataki kuachia. Mize akavunja mkate, akaumwagia asali, akala. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama. Akalamba vidole, lakini si sana. Akatoa karatasi kutoka mfukoni, akaishika kwa vidole vile vile, kama siku ile kwenye tope.

Pumzi moja. Mbili. Tatu. Lutfia alikuwa anahesabu kwa sauti, na watu wakadakia. Nne. Tano.

Mize akainua mkono juu, karatasi ikaonekana mpaka nyuma kabisa.

Vigelegele vilivyopigwa pale walivisikia hata waliokuwa baharini. Bi Mchanga alicheza akavunja fimbo. Asaa alimbeba mkewe, wakaanguka wote. Na katikati ya kelele zile, Lutfia alikuwa anahangaika na kipande cha ule mkate, akitafuna, akisita, akitafuna tena.

"Mwalimu, huu ndio mkate mbaya kuliko yote niliyowahi kula maishani."

"Najua," alisema Mize. "Bikombo, mwongeze kingine."